Dirisha la Mwende Limejaa Skrini

Mbotela, Jumapili, Agosti 1999

Hatimaye limekubali! Siku tatu nzima dirisha la ile kompyuta ya kuigiza, yaani programu inayojifanya kompyuta nyingine, ninayoiendesha ndani ya mfumo wa Linux, lilibaki dogo kama stempu. Na programu ya barua ya mke wangu, Mwende, imo humo. Tangu macho yake yadhoofike hajachapa chochote, nami niliogopa ataiacha kazi yake ya kuandika barua anayoipenda.

Kumbe nilisahau kuiwekea programu ndogo ya kuijulisha ukubwa wa skrini. Leo nimeiweka, dirisha likatanuka, herufi zikawa kubwa.

“Sasa unaona?” nikamuuliza Mwende.

“Hebu nyamaza, nasoma,” akasema, akaisoma barua yote kwa sauti.

Macho yenyewe bado yananitia wasiwasi. Lakini anachapa, na mimi nimefukuzwa kitini.