Kioo cha Kushoto cha Pijo ya Baba

Lushoto,
6 Juni 1994

Mpendwa Dada Latifa,

Shikamoo dada. Natumaini joto la Tanga halijakumaliza, na kwamba shemeji na watoto hawajambo. Huku sisi wazima, ila baridi ya mwezi huu inatung'ata, na ukungu hauondoki kabla ya saa nne. Baba anakusalimu sana. Anasema umekuwa mtu wa pwani mpaka umesahau ladha ya maziwa ya Kwai.

Unaijua Pijo 404 yake, ile ambayo marehemu mama alikuwa akiiita mke mwenzake. Tangu gogo limwangukie kule Shume, shingo yake haigeuki, na gari lenyewe lilikuwa na kioo kimoja tu kidogo cha upande wa dereva. Kila akishika usukani sisi tulishika dua. Mwaka jana akaanza kuyaona haya magari ya Kijapani yanayoingia tangu biashara ifunguliwe, yenye vioo vya pembeni vinavyogeuka kwa kubonyeza swichi, basi akanisumbua asubuhi na jioni: mimi si ndiye fundi umeme wa magari? Mwezi wa nne nikamletea viwili. Nilimwambia nimevipata kwa mwuza vipuri Mombo.

Mlango wa Pijo haukuumbwa kwa vioo vya namna hiyo. Nilichonga kibati, nikatoboa matundu matatu, nikapitisha waya ndani ya mlango hadi kwenye dashibodi. Siku kazi ilipokamilika, Baba alikaa garini asubuhi nzima akivigeuza juu, chini, kulia, kushoto, akicheka peke yake. Nilifurahi, dada. Sikumbuki mara ya mwisho nilipompa kitu kikamfurahisha hivyo.

Mambo yalianza wiki ya pili. Tulikuwa tunashuka kutoka Soni kwenda Mombo, na kwenye ile kona kali yenye miti iliyovunjika, kioo cha kushoto kikageuka chenyewe. Nilikiona kwa macho yangu. Kilivuma kidogo, taratibu, kikaiacha barabara kikatazama juu kwenye ukingo. Nikadhani waya zimegusana, nikazifunga upya. Safari iliyofuata, pale pale, kikageuka tena. Nikazikata waya kabisa, na bado kikageuka.

Baba alisimamisha gari, akakitazama kwa muda, akaniambia kwamba haoni mtu, ila anajua kuna mtu anasubiri. Kisha akashuka akapiga yowe. Desturi yetu unaijua: yowe likipigwa, kilima hiki hukipokeza kile, na kila mwenye miguu hutupa jembe akaja. Walikuja wengi, wakateremka bondeni, wakapekua vichaka, wasikute kitu. Mara ya pili walikuja nusu yao. Jumatano iliyopita alipiga yowe mpaka sauti ikakauka, na aliyefika ni Mama Esta peke yake, tena alikuja kumsihi arudi nyumbani. Sasa wanasema Mzee Omari amerukwa na akili. Baba mdogo Rashidi amewaita wazee Ijumaa hii baada ya sala, ili Baba anyang'anywe ufunguo na asitoke tena bila mtu wa kumchunga. Chakula hali sawasawa. Jana aliniuliza mimi, mwanawe, kama kweli ana wazimu.

Hana, dada. Mwenye kosa ni mimi, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Vioo vile sikuvipata Mombo. Mwezi wa tatu, asubuhi ya ukungu, nilikuwa natembea kwa miguu kutoka kutengeneza lori, nikaona gari jeupe la Kijapani chini ya kona ile, limekwama kwenye miti. Nikateremka. Dereva alikuwa ameulalia usukani, damu imemjaa, nikaamini amekwisha kufa. Nilipaswa nipande nipige yowe. Nikawaza kwamba watu wakija kila kitu kitagombaniwa, na Baba alikuwa ameniomba muda mrefu. Nikatoa bisibisi. Cha kulia kilitoka upesi. Cha kushoto nilikuwa nimekilegeza, nimekishika, waya zake bado zimeunganishwa, kikaanza kugeuka mkononi mwangu. Nikainua kichwa. Yule mtu alikuwa amefumbua macho, na kidole chake kilikuwa juu ya swichi. Alikuwa akiutafuta ukingo, aone kama watu wanakuja.

Nikakata waya. Swichi nikaitoa chini ya kidole chake. Nilivificha vitu vyote kwanza, ndipo nikapanda kupiga yowe. Watu walikuja mbio, wakamkuta amekufa. Alikuwa anaitwa Thomas, mnunuzi wa viazi. Mkewe, Tabitha, alikuja kunishika mikono yote miwili akinishukuru kwa kumwitia watu mumewe, nami nikapokea shukrani.

Nikinyamaza Ijumaa, Baba atafungiwa ndani kwa ajili yangu. Nimeapa kusema, lakini najijua mimi ni mwoga. Barua hii nampa kondakta wa basi la Tanga akuletee mkononi, usije ukachelewa kufika huku kabla ya Ijumaa. Msalimie shemeji, wabusu watoto, na usiwaambie kilichokuleta.

Njoo nayo, dada. Ulimi ukinishinda mbele ya wazee, isome wewe, Baba akiwa amekaa hapo, na usiruke neno.

Ni mimi mdogo wako,
Yassin