Baba, Mwangwi Umemeza Ile "Si"

Baba mpendwa,

Nina la kukuambia, usinicheke. Ulipokuwa ukitengeneza vipaza sauti vya kanisa letu pale Shituru, ulikuwa unapiga kofi moja mbele ya ukuta, unainamisha kichwa, unasikiliza. Halafu unamwambia mchungaji, na haraka zake zile, "Pasta, uache ukuta umalize kurudisha sauti, njo useme." Wanakwaya waliangua kicheko. Mimi niliona aibu, nikajifanya sikujui. Leo naomba radhi.

Sasa mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupanga vipaza sauti vya mtaa, vya kuwaonya watu siku moshi wa asidi ukitoroka kiwandani. Nilisimika vinne vikubwa juu ya nguzo, nikajivuna. Ijumaa tukajaribu. Nikasema kwenye mikrofoni, "Musitoke inje!" Sauti ya nguzo ya mbali ilifika imechelewa, ikaangukia ile ya karibu, na "si" ikamezwa. Mtaa mzima ukamiminika barabarani. Mama alitoka wa kwanza, mikono imejaa unga wa kusongea bukari.

"Ulisema 'mutoke inje'," akaniambia. "Tumetoka."

Watu walicheka, Baba. Mimi nilizima mikrofoni. Kama moshi ungekuwa wa kweli, ningekuwa nimewaita wote wafe, kwa sauti yangu mwenyewe, na Mama mbele yao.

Nikavishusha vile vikubwa. Nikaweka vidogo vingi, chini chini, kila kimoja kikielekea nyumba zake tu. Na "musitoke" nikaifuta kabisa; roho za watu haziwezi kuning'inia kwenye silabi moja. Sasa nasema polepole: "Muingie mu nyumba. Mufunge madirisha." Nanyamaza kidogo, kisha narudia.

Leo asubuhi tumejaribu tena. Milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine, hata wauza mboga wakaingia kwa watu. Nilikaribia kulia kwa furaha. Halafu nikamwona Mama, amesimama katikati ya barabara, ananitazama.

"Mama, haukusikia?"

"Nilisikia bien, neno kwa neno. Miye niingie namna gani, na weye uko inje?"

Mikrofoni ilikuwa bado mkononi, na siku ya moshi wa kweli nitakuwa pale pale inje, naye Mama pia. Naogopa, Baba. Hilo sijui kulitengeneza.

Pumzika kwa amani huko uliko. Mimi nabaki na Mama.

Mwanao wa kwanza