Koti la Kaka

Kaka mpendwa,

Hapa hatujambo. Mama amepona kikohozi, na cherehani ya baba imepata mkanda mpya, basi inatupigia kelele kutwa.

Vyuo vyote vya karibu vimenikataa. Katika kimoja walisema wazi kwamba mwenye alama za juu kama zangu hatakaa kwao, atahamia chuo kikubwa. Na hicho ndicho nilichokitaka! Kilichonichukua ni kile kikubwa, kilekile ulichokiacha katikati ya masomo, ukahamia mji mwingine bila kutuambia kilichokukuta.

Mtaa mzima unanipongeza. Nikisema naogopa, mama anacheka: "Acha kudeka, wewe!"

Jana baba alilitoa kabatini lile koti alilokushonea ulipokuwa unaondoka kwenda chuoni, nawe ukaliacha nyumbani. Akanisimamisha juu ya kigoda, akaanza kulibana kwa pini kila upande ili linienee.

"Usitikisike, mwanangu, utajichoma," akasema, pini zimemjaa mdomoni. Mabega atayapunguza. Mikono hataigusa, maana mimi na wewe, anasema, tumelingana mikono.

Sikutikisika. Kaka, niandikie kabla hajaanza kushona. Ulikutwa na nini huko?

Mdogo wako,
Kitindamimba