Sanduku la Marehemu

Kakamega, 9 Juni 1994

Mama Christine,

Sisi huku tu wazima. Ng'ombe amezaa ndume, na obusuma ninaosonga, ugali wangu huo, Christine anasema ni wa kukandika ukuta.

Pale kliniki nilikuwa natenga faili za wagonjwa waliofariki, maana kabati halifungiki tena. Redio ilipotangaza kifo cha Rasoa Nanzala wa Navakholo, nilijua si mama yako, ni yule mwenzake wa jina moja. Nikakuta faili mbili. Kuzifungua nione ni ipi, mkono ulikataa: mkwe asome magonjwa ya mama mkwe wake? Nikachukua ya juu, nikaitia kwenye sanduku la marehemu.

Jumatatu mama akaja kuchukua dawa za presha. Nilijificha nyuma ya kabati kwa heshima, kama kawaida yangu. Sista akatafuta weee, mwishowe akaitoa faili sandukuni, watu wote wakiona.

"Nani amenizika?" mama akauliza.

Sista akanyooshea kabati kidole.

"Mwambieni mkwe wangu asante. Marehemu hamezi dawa." Akaenda zake mikono mitupu.

Vidonge vyake vilikuwa vimeisha siku hiyo. Ningekwenda kumwomba radhi, lakini unajua kwa mila yetu mkwe siwezi kusimama mbele yake. Tafadhali omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, utoke huko Likuyani uje umsihi, tena upesi.

Faili nimeirudisha mahali pake. Bado sijaifungua.

Mumeo, mzika walio hai,
Osiako