Jina Langu kwenye Barua ya Kufunga Usine

Papa,

Mashini yako balishaichukua. Baliikata vipande, bakapakia kwenye Fuso asubuhi ya Jumatano, na hapa kwetu Bulengera hakuna mutu alitoka kuangalia, ni mimi tu, na mutoto wangu Masika kwenye mugongo. Pahali ilisimama, géomètre, mupima viwanja, amesimika vijiti vya rangi nyekundu. Parcelle mbili zimeuzwa tayari. Mumoja anataka kujenga nyumba ya étage, ya gorofa, na vigae vya carrelage mupaka inje. Pale ulitokea jasho maisha yako yote, mutu ataweka kitanda.

Nakumbuka nikikuletea foufou na sombe saa sita. Ulikuwa unazima mashini ya kubambula kahawa, maganda imejaa kwenye ndevu, unaniambia: "Kavira, weka mukono hapa." Chuma ilikuwa ingali na moto kama mwili wa mutu. Mama alifua mashati yako mara mbili, mais ile harufu ya kahawa haikutoka. Ile mashini njo ilinisomesha. Na wakati niliolewa, ni wewe uliniombea kwa patron, bosi wenu, kale kapande ka udongo karibu na ukuta wa usine, kile kiwanda chenu cha kahawa. Ulisema: "Hapa utasikia mashini, utajua baba yako iko muzima."

Kisha batu bakaongezeka. Bengine balikimbia vita ya upande wa Beni, bengine balikuja na pesa zao kutafuta pahali pa kujenga. Balikuta usine hapa, mais balilalamika kama vile ni usine ilibakuta. Kelele. Vumbi. Nguo kwenye kamba. Masika naye akaanza kukohoa. Siku moja mama Kahindo, jirani yangu, akaleta barua ya kuomba usine ifungwe. Akaniambia: "Wewe uko na mutoto mugonjwa, jina lako litakuwa na nguvu."

Nilisinye, niliweka jina langu, Papa. Hakuna mutu alinishika mukono. Mutoto alikuwa analia, mimi nimechoka, na kalamu ya bic ilikuwa pale.

Bafanyakazi balikutuma wewe kwenye bureau ya quartier, ofisi ya mutaa, kule bakakupa copie, nakala ya ile barua. Wakati wa kurudi ulipita kwangu. Ulikaa, ukamubeba Masika kwenye magoti. Nilingoja unitukane. Uliuliza tu: "Mutoto anaendelea namna gani?" Nikasema anaendelea muzuri. Ukasema: "Basi." Ukaenda.

Basi! Ile neno moja, ningependa ungenipiga.

Usine ikafungwa. Miezi ine ulikaa kwenye kiti nyumbani, unaangalia mikono yako, kisha roho ikasimama, tukakuzika. Njo wakati tulipanga nguo zako nilipata ile copie kwenye mufuko wa koti. Majina yote inasomeka. Yangu peke yake umeipaka wino mupaka karatasi ikatoboka. Mpaka leo sijue kama ulinificha Mama asinione, ao kama ulikuwa unanikata kwenye batoto bako.

Sasa sikia. Mama Kahindo, ambaye alikuwa anauzisha beignets, mandazi, kwenye mulango wa usine, analia kwamba hana tena bakiriya ba kununua. Anakuja kulia kwangu! Nilitaka kumutemea mate kwenye uso, mais tulisinye na bic moja. Na Masika angali anakohoa. Infirmier mwenye alimupima alisema ni moshi ya makala, mukaa yenye ninapikia ndani. Makala yangu, Papa. Haikukuwa vumbi yako.

Mama hajue kitu. Kila Jumapili kanisani anasimama, anaomba kwa sauti: "Bwana, ubasamehe bale balisinye, hata kama hatubajue." Mimi niko pembeni yake kwenye banc, ninashika mukono yake, ninasema Amina.

Sikuombe musamaha. Ulipokuwa umekaa mbele yangu nilikuwa na nafasi, nikakuacha uende. Kukuomba leo, wakati hauwezi kukataa, ni rahisi sana. Mais Jumapili hii, kabla ya kwenda kanisani, nitaingia kwa Mama na ile karatasi, nitamuambia ni jina gani iko chini ya wino. Akinifukuza, nitatoka.

Pumzika, Papa. Nakuahidi hii moja tu: sitasema tena ile Amina kabla Mama hajajua ni nani anamuombea musamaha.

Binti yako,
Kavira