Kabla ya Maji ya Nyamyumba

Gisenyi,
Jumapili, 11 Machi 1956

Mpendwa Mama mdogo Nyirasafari,

Pokea salamu kutoka nyumbani kwa marehemu dada yako. Mmeamkaje huko Buyenzi? Kifua cha Baba mdogo kimepoa? Sisi hatujambo. Mvua inanyesha kila alasiri, na maharagwe yameota vizuri.

Cherehani ya Mama naitumia mimi sasa. Uzi mwekundu aliofunga kwenye gurudumu sijaufungua.

Barua yako ilifika Alhamisi. Umesema mgongo unakuuma, na damu imekurudia, wewe uliyekoma siku zako tangu mwaka wa harusi yangu. Unataka kuja kabla ya mfungo wa Ramadhani, uoge maji ya moto ya chemchemi ya Nyamyumba.

Naomba usije kwanza. Unisamehe kwa kutaja mambo ambayo binti hamwambii mama yake.

Mama naye alianza hivyo, damu kidogo, bila maumivu. Donatha muuza samaki akamtania: "Mukagasana, we umerudi musichana. Tukutafutie bwana mupya?"

"Awe na mutumbwi wake, basi," Mama akajibu. Tulicheka wote.

Mgongo ulipoanza, nilimpeleka Nyamyumba. Alikaa majini mpaka vidole vikakunjamana, akasema uchungu umeyeyuka. Tulichemsha viazi vitamu pale juu yanapotoka yakitokota, tukala. Basi tukawa tunarudi, mwaka mzima. Maji yalituliza mgongo, lakini ugonjwa haukuwa mgongoni.

Daktari alipomwona, alisema ni kansa ya mlango wa kizazi, nayo imekwisha kuenea. Muuguzi Mukarugwiza alinitafsiria. Huanza kama kidonda kidogo kisichouma. Mwanamke aliyekoma siku zake akiona damu, hata tone, apimwe upesi. Na aliye kijana bado, akiona damu baada ya kulala na mumewe, vilevile. Kikionekana mapema huweza kukatwa, mtu akapona.

"Daktari anauliza," akasema Mukarugwiza, "mwaka jana mulikuwa wapi?"

Tulikuwa Nyamyumba.

Sisemi kwamba wewe unao ugonjwa huo. Huenda ni jambo dogo, lakini hilo dogo nalo daktari ndiye wa kulijua. Ukifika hospitali, taja damu. Mama mara ya kwanza alitaja mgongo tu, akapewa dawa ya kuchua. Wakikupima watakutazama ndani kwa chombo. Mama alisema aibu ilikuwa kubwa kuliko maumivu, na yote mawili yalikwisha upesi.

Hitimana, mume wangu, ndiye anayekuletea barua hii kwa lori lake. Nimemwambia asipakie mzigo wa kurudi kabla hajakufikisha mlangoni pa hospitali. Sababu sikumwambia.

Nisalimie Baba mdogo, na binti yako Mukankusi na wanawe. Mungu akufunike kwa rehema zake, na Mama amlaze pema.

Ukishaonwa na daktari, njoo. Viazi alivyopanda Mama bado viko ardhini. Nitavichimba siku utakayofika, tukavichemshe Nyamyumba.

Ni mimi nikupendaye,
binti wa dada yako,
Saidati