Mdhamini Wangu Yuko Murabba

Jumapili, 4 Mei. Jeddah
Nimeosha gari, nimepeleka watoto wa bosi shule, nimerudi chumbani kwangu, mtaa wa Karantina. Sacco wamepiga tena kutoka Nakuru. Sikushika. Pikipiki nilizonunua kwa loni yao, binamu yangu aliziendesha hadi zikawa vyuma. Dawa ya deni ni kulipa. Aliyesema hivyo alikuwa na pesa.

Jumanne, 6 Mei
Wakili wangu wa nyumbani ametuma karatasi. Niombe mahakama ya nyumbani initangaze muflisi. Sacco hawatanidai tena, nianze upya. Lazima nile kiapo na kusaini ubalozini, Riyadh, na bosi ana safari ya huko wiki ijayo. Leo nimekula nikashiba.

Alhamisi, 8 Mei
Nimempigia dada Monica. Si wa tumbo moja. Tulitoka Nairobi kundi moja, yeye akapelekwa kazi za nyumba Murabba, Riyadh. Kabla ya safari kundi zima tulidhaminiana sacco. Loni yangu alidhamini yeye, yake mimi. Yake alishamaliza. Amefurahi kusikia nitapumua. Ataniletea chapati.

Jumatano, 14 Mei
Nimemuuliza wakili kuhusu wadhamini. Nilidhani mahakama ikinifutia mimi, imefuta yote. Amecheka. Nikitoka mimi, anashikwa Monica alipe. Alijua tangu mwanzo, mbwa huyu. Ada yake nilishatuma.

Ijumaa, 16 Mei. Riyadh
Madam wa Monica amempa ruhusa. Tumekutana mtaa wa Dirah, kwenye kivuli cha duka la nguo. Amenipa chapati, nami nikamwambia.

"Nyumba ninayomjengea mama imefika linta, bado paa," akasema.

Nikamtolea karatasi za wakili.

"Saini tu. Mimi bado nina kazi. Lakini ukishasaini, usiniite dada."

Halas, basi, akaenda. Najichukia. Namchukia na yeye, angalau angenitukana.

Jumapili, 18 Mei
Foleni ubalozini tangu asubuhi. Zamu yangu ilipofika nikampisha mama aliyekuwa nyuma yangu. Kisha mwingine. Askari wa mlangoni akaniuliza kama naumwa. Nimetoka na karatasi zangu vilevile.

Jumanne, 20 Mei. Jeddah
Nimeosha gari. Watoto shule. Sacco wamepiga, nimeshika. Nimeomba wanikate kidogo kidogo. Hawajakubali, hawajakataa. Chapati zilizobaki zimekauka, nimezila na chai.

Nimemwandikia Monica kwamba sikusaini. Amesoma. Hajajibu.